Makala elfu kumi kwa mwaka: hesabu ya utafiti wa vyuo inavyopikwa, na Dodoma inaingiaje humo

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari wa Kibaigwa, wilayani Kongwa. Anaandika: "Binti yangu yuko kidato cha sita, anasoma PCB (fizikia, kemia na biolojia). Tulikuwa tunaangalia vyuo mtandaoni, tukakuta chuo kimoja cha ng'ambo kinajinadi kwamba kinachapisha makala za utafiti zaidi ya elfu kumi kila mwaka, kuanzia fizikia mpaka kilimo. Akaniuliza mbona Chuo Kikuu cha Dodoma, pamoja na ukubwa wake wote, hakifiki huko, nikakosa jibu. Hesabu hiyo ina maana gani hasa? Ndiyo ya kuchagulia chuo? Na mbona hizi tafiti zinazofanyika huku kwetu matokeo yake hatuyaoni?"

Mwalimu, hesabu hiyo inawezekana kabisa, na vyuo vinavyofika huko vipo kadhaa duniani. Ila kabla binti hajaanza kulinganisha, ajue kwanza inahesabiwaje, maana hapo ndipo penye mambo. Kazi yangu katika maktaba ya chuo ni hii hii ya kufuatilia machapisho ya wahadhiri, kwa hiyo univumilie nikiingia ndani kidogo.

Hakuna mtu anayepita chuo hadi chuo akihesabu makala. Zipo kanzidata, yaani hifadhi za mtandaoni za taarifa za machapisho, mbili kubwa zinazotumika zaidi, Scopus na Web of Science, na kila moja ina orodha yake ya majarida iliyoyakubali. Makala ikitoka kwenye jarida lililomo, inaingizwa. Juu ya makala pana majina ya waandishi, na karibu na majina pana anwani: idara, ndaki, chuo, sanduku la posta, mji, nchi. Kompyuta inaisoma anwani na kukiandikia chuo alama yake. Basi, imeisha. Kwa hiyo chuo kikisema kimechapisha makala elfu kumi, maana yake ni kwamba jina lake limeonekana kwenye anwani za makala elfu kumi. Aliyebuni utafiti, aliyetafuta fedha, aliyekaa miaka kijijini akikusanya takwimu na aliyechangia sampuli chache, wote vyuo vyao vinapata alama ile ile.

Mfano mmoja mkubwa ni wa mwaka 2015. Timu mbili za majaribio za CERN, kituo cha fizikia kilichoko Geneva, ziliungana kuchapisha makala juu ya uzito wa chembe iitwayo Higgs. Waandishi walikuwa 5,154. Makala yote ilikuwa na kurasa 33. Tisa ndizo zilizobeba utafiti wenyewe pamoja na marejeo yake, na 24 zilizobaki zikawa ni majina ya watu na vyuo vyao. Vyuo na taasisi zilizotajwa humo ni mamia, na kila kimoja kina haki ya kusema "tumechapisha". Chuo chenye wanafizikia kumi tu waliojiunga na majaribio hayo kinajikuta na mamia ya makala ambazo hakuna hata moja waliyoiandika wao peke yao. Kwenye afya mambo ni hayo hayo: tafiti za kimataifa za kukadiria mzigo wa magonjwa duniani hubeba waandishi mamia kwa mamia, na daktari mmoja wa chuo kidogo akiingia humo, mwaka huo chuo chake kinang'aa.

Wapimaji wenyewe wanalijua hili. Ndiyo maana orodha ya vyuo inayotolewa na Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, huwa na hesabu ya mgawanyo: makala ya vyuo vinne inakipa kila kimoja robo. Ukikuta chuo kinatangaza idadi bila kusema kama imegawanywa, elewa kwamba ni ile nzima nzima. Sijawahi kuona chuo kikijitangaza kwa namba ndogo wakati kubwa ipo.

Halafu kuna suala la fani. Kujumlisha makala za fizikia, tiba, hisabati na historia kwenye namba moja ni sawa na kwenda sokoni hapo Kibaigwa ukahesabu magunia bila kuuliza lipi la mahindi na lipi la alizeti. Mtafiti wa maabara ya tiba anaweza kuwa na jina lake kwenye makala kadhaa kwa mwaka, kwa sababu kazi inafanywa na timu na kila kipande cha matokeo kinatoka peke yake. Mwanahisabati anaweza kumaliza miaka miwili na makala moja, na wenzake wakamheshimu sana kwa hiyo moja. Watu wa kompyuta hupeleka kazi zao nzuri kwenye makongamano. Mwanahistoria anaandika kitabu, na kitabu kwenye kanzidata hizi hakina nafasi ya maana. Mwenye kuumia zaidi ni anayeandika kwa Kiswahili. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna jarida liitwalo Kiswahili na lile liitwalo Mulika, yana umri mrefu na wasomi wazito, lakini ukiangalia namba za kimataifa utadhani hakuna anayetafiti isimu ya Kiswahili hapa duniani.

Sasa vyuo vile vikubwa vya ng'ambo, ukizichambua makala zao, sehemu kubwa mno ni za tiba, na hiyo ni kwa sababu vimezungukwa na hospitali. Madaktari wa hospitali washirika wa Harvard, kama Massachusetts General, wana vyeo vya chuo na huandika jina la chuo kwenye makala zao. Hospitali moja kama ile ina maabara na watafiti wengi kuliko vyuo vingi vizima. Ondoa hospitali, namba inashuka sana. Ninalolisema hapa wahadhiri wa Dodoma wamelisikia kwangu mpaka wamechoka: daktari anayefundisha chuoni na kutibu Hospitali ya Benjamin Mkapa, akiandika hospitali peke yake kwenye makala, chuo hakipati kitu.

Nikuonyeshe tatizo lenyewe linavyokaa mezani kwangu. Makala moja imeandika "The University of Dodoma, P.O. Box 259, Dodoma". Ya pili imeandika "Dodoma University". Ya tatu, "UDOM". Ya nne imetaja ndaki na mji, jina la chuo limesahaulika. Kwa binadamu ni mahali pamoja, pale Chimwaga. Kwa kompyuta zinaweza kuwa taasisi tatu, na ile ya nne haina mwenyewe. Upande wa majina ya watu ndiyo usiseme. Mhadhiri anatumia jina la baba makala hii, la babu makala ijayo, akiolewa anaongeza la mume, na anayemtafuta anakuta watafiti watatu wenye makala mbili mbili. Tangu mwaka 2012 upo utaratibu wa kimataifa wa kumpa kila mtafiti namba yake ya kudumu yenye tarakimu 16, unaitwa ORCID, na ni bure. Bado napokea makala za watu wasio nayo.

Lakini nisijifiche nyuma ya anwani. Hata tukizisafisha zote, hatufiki elfu kumi, wala hatukaribii. Chuo Kikuu cha Dodoma kimeanza mwaka 2007. Harvard ni ya mwaka 1636. Makala nyingi za vyuo vikubwa zinaandikwa na wanafunzi wa uzamivu na watafiti waliokwisha kuhitimu uzamivu, ambao kazi yao ya kila siku ni utafiti tu. Huku kwetu wanafunzi walio wengi ni wa shahada ya kwanza, na mhadhiri mwenye darasa la mamia ya vijana anamaliza muhula akisahihisha mitihani. Vitendanishi vya maabara vinaagizwa nje. Na kuchapisha kwenyewe ni fedha: majarida mengi yanayosomwa bure mtandaoni humtoza mwandishi, na ada ya maelfu ya dola si ajabu. Nchi za kipato cha chini husamehewa. Julai 2020 Benki ya Dunia ikaipandisha Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, sote tukashangilia, na wachapishaji wengine wanaofuata orodha hiyo wakapunguza msamaha wao kwetu. Sherehe ile ina bili yake, na baadhi yetu tunailipa.

Hapo katikati wakaingia matapeli. Barua pepe inakuja asubuhi, inakuita profesa mashuhuri, inakuahidi kwamba makala yako itachapishwa ndani ya siku tatu kwa dola mia moja au mia mbili. Hakuna anayeihakiki. Kwa mhadhiri anayesubiri kupandishwa cheo, na cheo hakipandi bila machapisho, kishawishi ni kikubwa. Namba ya chuo inaweza kunenepa kwa njia hii pia, angalau mpaka kanzidata zilitimue jarida husika.

Nije sasa kwenye swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote.

Unauliza tafiti za huku kwenu ziko wapi. Nyingi ziko kwenye hesabu za vyuo vile vile vikubwa mnavyoviangalia mtandaoni. Hapo Kongwa ulipo ni mojawapo ya wilaya zilizoandikwa sana duniani kwa ugonjwa wa trakoma, ambao wazee huuita vikope. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wakiongozwa na Sheila West, wamefanya kazi vijijini Kongwa pamoja na Watanzania. Mwaka 1995 jarida la tiba la Lancet lilichapisha jaribio lao: vijiji sita, vyote vikatibiwa kwa dawa ya macho ya tetrasaiklini, kisha vitatu vikaongezewa kampeni kali ya kuosha watoto nyuso. Baada ya mwaka mmoja, trakoma kali ilikuwa ndogo zaidi kwenye vijiji vya kuosha nyuso. Mkakati unaotumiwa na Shirika la Afya Duniani, wa upasuaji wa kope, dawa, uso safi na mazingira safi, una alama za vidole vya Kongwa hasa kwenye hilo la uso. Mama wa Kongwa aliyekubali kutumia kikombe cha maji kumnawisha mtoto, kwenye wilaya ambayo maji yanafuatwa mbali, yumo ndani ya makala hiyo. Kwenye hesabu ya makala, alama imeenda Baltimore, kilipo Johns Hopkins.

Sisemi hivyo kwa kulalamika. Fedha ilitoka huko, swali waliliuliza vizuri, na watoto wa hapa walinufaika. Nasema ili binti ajue kwamba namba ya chuo haisemi utafiti ulifanyika wapi wala kwa jasho la nani.

Mfano ninaoupenda zaidi upo Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, kwenye visima vinavyotunywesha. Tangu miaka ya 1950, watumishi wa maji wa serikali wamekuwa wakipima kina cha maji chini ya ardhi pale na kuandika. Wakoloni wakaondoka, wizara zikabadilishwa majina mara kadhaa, waliokuwa wakipima wakastaafu, wakaja wengine, daftari likaendelea. Kazi ya namna hiyo haina mvuto wowote: unateremsha kipimo kisimani, unasoma, unaandika tarehe, unaondoka. Haimpandishi mtu cheo. Kisha ikatokea kwamba rekodi ndefu kama hiyo, ya miaka 55, kwenye ukanda wa nusu jangwa wa kitropiki ni adimu duniani. Mwaka 2013 ikachapishwa kwenye jarida la Nature Climate Change. Mwandishi wa kwanza ni Richard Taylor wa chuo kikuu cha UCL, London, na miongoni mwa waandishi wenzake wamo wataalamu wa maji Watanzania, kwa majina yao.

Walichokikuta kinamhusu kila mwenye bomba Dodoma. Maji ya ardhini Makutupora hayajazwi kidogo kidogo kila masika kama tulivyozoea kudhani. Kwa miaka kadhaa mfululizo kina kinashuka tu, halafu unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, hasa miaka ya El Niño kama ile ya 1997 na 1998, na hifadhi inajaa kwa kishindo. Mvua ikiongezeka maradufu, maji yanayozama yanaongezeka zaidi ya maradufu. Kwa anayepanga visima vya mji uliohamiwa na serikali nzima, taarifa hiyo ina thamani kuliko makala mia za kujaza orodha. Na kwenye kanzidata, mwalimu, ni alama moja, sawasawa na nyingine yoyote. Daftari la miaka 55 lenyewe halina alama kabisa.

Kondoa ni hadithi ya aina hiyo hiyo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, na mwaka 1979 ng'ombe wakaondolewa kwenye eneo lililoliwa na makorongo. Wenyeji wanakumbuka kuhamisha mifugo. Wasomi wanakumbuka tasnifu, zikiwamo za vyuo vya Sweden.

Na wakati mwingine jambo la haraka linatulazimisha kuandika wenyewe. Mwaka 2016 watu walianza kuugua na kufa kwa ugonjwa wa ghafla wa macho na ngozi kugeuka njano katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ini likiwa limeharibika. Ilithibitika ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, kwenye mahindi. Waliorekodiwa ni wagonjwa 68, wakafa 20. Makala ya tukio hilo iliongozwa na Mtanzania, na wachunguzi wetu walikuwa uwanjani wakichukua sampuli kutoka kwenye maghala ya nyumbani. Wewe unayekaa penye soko la mahindi huhitaji kuelezwa uzito wake.

Kuhusu kuyaona matokeo, kuna njia ambayo wananchi wengi hawaitumii. Mtafiti wa kutoka nje haruhusiwi kuanza bila kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na utafiti unaogusa afya za watu unahitaji pia kibali cha maadili, kwa kawaida kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Kisha barua inashuka: mkoa, mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mpaka kijijini. Maana yake ni kwamba halmashauri yako inajua nani amepita Kongwa na kwa swali gani. Nenda kwa ofisa wa idara husika, afya au kilimo, ukaulize ripoti zilizorudishwa. Zisipokuwapo, mtendaji ana haki ya kumwandikia mtafiti na kudai mrejesho, na barua ya namna hiyo ikigongwa muhuri wa kijiji huwa inajibiwa. Watafiti wanajua watarudi kuomba kibali tena. Makala zenyewe utazipata kupitia hifadhi za mtandaoni za vyuo vyetu, ambazo nyingi ni za bure. Majarida ya Kiafrika yapo kwenye tovuti ya AJOL ya Afrika Kusini. Zile zilizofungwa kwa malipo, mwandikie mwandishi moja kwa moja kwa baruapepe iliyo kwenye ukurasa wa kwanza. Wengi hutuma siku hiyo hiyo, tena kwa furaha, kwani ni mara chache mtu wa eneo walilolitafiti huwauliza.

Kwa binti sasa. Namba ya chuo kizima aiache. Hata sisi tunaoishi nayo tunaitumia kwa jambo moja tu lenye maana: kukiangalia chuo kile kile, fani ile ile, mwaka hadi mwaka, kama kinapanda au kinalala. Yeye anasoma PCB, basi aangalie ndaki anayoitaka, iwe tiba, uuguzi, sayansi asilia au nyingine. Afungue orodha ya wahadhiri wa idara, achague wanne watano, awatafute kwenye Google Scholar, mtandao wa Google wa kutafutia makala za kitaaluma. Kwenye makala za tiba na biolojia, jina la kwanza ni la aliyefanya kazi, la mwisho ni la aliyeiongoza, ya katikati ni ya wasaidizi wa viwango mbalimbali. Kwa hiyo mhadhiri mwenye makala sita akiwa wa kwanza au wa mwisho, kuhusu mambo yanayohusiana, ananipa imani kuliko mwenye sitini akiwa katikati ya majina mia. Kwenye hisabati asitumie kanuni hii, wale hupanga kwa alfabeti.

Aangalie pia kama wanafunzi wa idara hiyo wanatokea kwenye majina ya kwanza. Hapo ndipo atajua kama akifika mwaka wa mwisho, mradi wake wa utafiti utasimamiwa na mtu mwenye nafasi naye. Na vyuo vikifanya maonesho yao kabla ya dirisha la udahili, asiwaulize wenye meza chuo kina makala ngapi. Aulize maabara ya mwaka wa pili ina darubini ngapi kwa wanafunzi wangapi, kisha aombe aonyeshwe moja.